Mwanafunzi wangu Mchina ananiita "dear": ananitongoza au anajifunza?

"Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza kwa njia ya mtandao nikiwa Dar es Salaam, na wanafunzi wangu ni Wachina watu wazima. Mmoja ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, yuko Guangzhou, anauza taa nje ya nchi. Tangu tuanze miezi minne iliyopita, kila ujumbe wake una 'dear' ndani yake: 'Dear, class at 8 ok?', 'Thank you dear.' Jumamosi iliyopita saa saba mchana akaandika 'Dear, have you eaten?' Simu ilikuwa mezani, mume wangu akausoma. Amenuna siku mbili. Nilipomwuliza mwanafunzi kwa mbali, akasema kamusi yake inasema 'dear' ni neno la adabu. Kisha akaniuliza kama anaweza kumwita mteja wake wa Uingereza, mama wa makamo, 'honey', kwa kuwa kamusi hiyo hiyo inayapa maneno yote mawili tafsiri moja ya Kichina. Sikujua nianzie wapi. Je, ananitongoza? Nimkataze? Na nitamweleza vipi bila kumwaibisha?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu, na pole kwa kununiwa.

Nianze na linalokuumiza kichwa zaidi. Kwa hayo uliyoyaandika, sioni mtu anayekutongoza. Namwona mfanyabiashara anayeongea Kichina cha dukani kwa maneno ya Kiingereza. Kosa lipo, ila ni kosa la lugha, na wala halikutokana na uvivu: amefungua kamusi, na kamusi haikumdanganya, ilimpa nusu ya habari. Hiyo nusu iliyobaki nitaieleza kwa urefu kidogo, maana ukishaielewa wewe, kumfundisha yeye ni kazi ya kipindi kimoja. Ukipenda, mpe na shemeji asome.

Kama una jirani anayeagiza mzigo kutoka China, mwombe akuonyeshe simu yake. Utakuta "Hello dear, how many pcs you need?" Utakuta "Dear, this price already lowest." Mzee mwenye ndevu nyeupe, muuza vitasa vya milango pale Kariakoo, anaitwa "dear" mara ishirini kwa siku na binti muuzaji wa Yiwu, China, ambaye hajawahi kumwona, na mke wake wala hana habari ya kuuliza. Wafanyabiashara wetu walilizoea neno hilo zamani, wanalipita kama wanavyoipita chapa ya kiwanda. Wewe limekushtua kwa sababu hukukutana nalo sokoni, umekutana nalo darasani.

Chimbuko lake ni neno "qin", linalotamkwa karibu na "chin". Silabi hii imebeba ujamaa: imo ndani ya "fuqin", baba, na "muqin", mama, na "qinqi", jamaa wa ukoo. Imo pia ndani ya "qin'ai de", neno ambalo kamusi hulitafsiri "dear" au "darling". Soko la mtandaoni la Taobao lilianzishwa mwaka 2003, na mnunuzi na muuzaji walikuwa wakipatana bei kwa kuandikiana kwenye programu yake ya Aliwangwang. Muuzaji haoni sura wala hasikii sauti. Hajui kama upande wa pili kuna bibi au kijana, tajiri au mwanafunzi wa chuo, na Kichina ni lugha inayotaka ujue hayo kabla hujamwita mtu. Wakapata njia ya mkato: kila mteja akaitwa "qin". Neno likatoka dukani likaenda kila mahali, mpaka mtindo wenyewe ukapewa jina, "Taobao ti". Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya China iliweka tangazo la kazi kwenye Weibo, mtandao wa kijamii wa Wachina, likiwaita waombaji "qin". Wizara nzima! Watu walicheka, lakini hakuna aliyedhani serikali inatafuta mchumba.

Sasa mchukue mwanafunzi wako, ambaye mkate wake unatokana na maandishi ya namna hiyo kutwa nzima. Anapotaka kukuandikia kwa Kiingereza, "qin" inamjia yenyewe kichwani, na akiiuliza programu ya kutafsiri inamjibu "dear". Amemaliza. Kwake yeye amesema kitu kilekile.

Nasi tunacho kitu hicho, ila cha kwetu hatukioni. Kampuni ya simu inakuandikia: "Mpendwa mteja, salio lako halitoshi." Umewahi kumwonyesha mumeo ujumbe huo kwa hofu? Mtangazaji wa redio anaanza na "wapenzi wasikilizaji", na wasikilizaji wenyewe ni pamoja na shehe, padri na mkuu wa mkoa. Neno ni lile lile la "mpenzi wangu". Kinacholipunguza makali ni mahali lilipokaa: limetangulia cheo cha mtu, mteja, msikilizaji, msomaji, na limesemwa kwa umma. Ling'oe hapo, lipachike mwishoni mwa sentensi usiku kwenye simu ya mtu mmoja, "umelala, mpenzi?", na talaka inanukia. Hakuna kamusi ya Kiswahili itakayomweleza mgeni jambo hilo kwenye mstari mmoja wa tafsiri. "Dear" ina mtego wa namna hiyo hiyo.

Kuna sababu ya pili inayomfanya aling'ang'anie, na hii walimu wengi huipita. Kichina humwita mtu kwa jina la ukoo likifuatwa na cheo: "Wang laoshi", Mwalimu Wang; "Li jingli", Meneja Li. Kumtamka mtu unayemheshimu kwa jina lake tupu kunamkaa vibaya mdomoni, kama wewe ungelazimishwa kumwita mama mkwe "Rehema", hivi hivi, mbele ya wageni. Sasa anakuja kwenye Kiingereza na sisi walimu tunamwambia mambo mawili kwa mpigo: usiseme "Hello, Teacher", Waingereza hawasemi hivyo, na niite kwa jina langu. Tumemnyang'anya cheo, na jina tupu linamshinda. Pabaki pengo. Isitoshe, Kichina kina "nin", wewe ya heshima, na vijisilabi vya kulainisha sentensi mwishoni, "ba", "ne", "o", ambavyo Kiingereza hakina. Soma ujumbe wake ukiwa umelitoa lile neno: "Class at 8 ok?" Unasikika kama amri ya mgambo. Mwingereza angelainisha kwa vitenzi, "could we", "would it be all right if", lakini huko mwanafunzi wako hajafika bado. Kwa hiyo anatumia alichonacho. "Dear" yake ni cheo na "tafadhali" na "naomba" vyote vimefungwa kwenye furushi moja.

Ndiyo maana kumkataza tu hakutafaa. Ukilichukua neno usipompa la kuweka pengoni, atarudi nalo wiki ijayo, au atachukua baya zaidi. Na tayari ameanza kunyemelea "honey".

Tuje upande wa Kiingereza, ambako nakuomba usiwe mwepesi wa kumwambia "neno hili ni la wapenzi tu". Si kweli, na siku atakapopokea barua ya benki inayoanza "Dear Mr Chen" atakuona mwalimu wa kubahatisha. Mwanzoni mwa barua, likifuatwa na jina au cheo, "dear" halina mapenzi hata chembe. Unaweza kumwandikia hivyo mtu unayempeleka mahakamani. Likikaa peke yake mwanzoni, "Dear," na mkato, bila jina, tayari linayumba: msomaji anahisi jina lilidondoka, au ni barua ya mtu wake wa karibu. Likikaa mwishoni mwa sentensi, "thank you, dear", limekuwa jambo jingine kabisa. Hapo ni sauti ya mke na mume waliozeeka pamoja, au ya bibi kwa mjukuu, au ya mama muuza mboga wa Kiingereza kwa kijana aliyempa chenji. Mstari huo mmoja ndio ningeuandika ubaoni kwa herufi kubwa: kabla ya jina ni adabu, mwisho wa sentensi ni ukaribu. Barua zake mwenyewe atazirekebisha kwa kipimo hicho.

Hata ukaribu huo una ngazi, na neno huteremka ngazi kirahisi kuliko linavyopanda. Tarehe 27 Aprili 2011, katika Bunge la Uingereza, Waziri Mkuu David Cameron alimwambia mbunge wa upinzani Angela Eagle, "Calm down, dear." Yalikuwa maneno ya tangazo la bima la televisheni, na wenzake walisema ni utani. Upinzani ulidai aombe radhi, na magazeti yalilichambua neno hilo moja kwa siku kadhaa. Hakuna aliyesema waziri mkuu anamtaka yule mama. Walichokisikia ni mwanamume mwenye cheo akimfanya mwanamke mtu mzima kuwa mtoto. Basi mteja wa Uingereza wa mwanafunzi wako, huyo mama wa makamo, akiandikiwa "Don't worry dear" kuhusu kontena lililochelewa, kuna uwezekano mkubwa asiwaze mapenzi kabisa. Atawaza: huyu ananiona mjinga. Kwa biashara hilo ni baya kuliko kutongozwa.

Wazee nao wana malalamiko yao. Katika nyumba za kutunzia wazee huko Marekani, wahudumu wana mazoea ya kuwaita wakazi "honey", "sweetie", "dear", kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, wakiongozwa na Kristine Williams, walichunguza wagonjwa wenye upotevu wa kumbukumbu wanaozungumziwa hivyo, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009 walionyesha kwamba wagonjwa hao walikataa huduma, kuoga, kuvaa, mara nyingi zaidi kuliko walipozungumziwa kama watu wazima. Mtu aliyesahau majina ya wanawe bado anatambua kwamba ameshushwa. Mimi huwasimulia hilo wanafunzi wangu Wachina kabla ya sheria yoyote ya sarufi, kwa sababu heshima kwa wazee wanaielewa papo hapo, hawahitaji tafsiri.

Kipimo ninachowapa ni cha swali moja: je, huyo unayemwita hivyo anaweza kukurudishia neno hilo hilo kesho, na wote mkaona sawa? Bibi wa Kiswahili anamwita mjukuu "mume wangu" na mjukuu anajibu "naam, mke wangu". Utani umepokelewa, mizani imelingana. Bosi anayemwita katibu wake "honey" hategemei kuitwa "honey" mbele ya bodi. Roger Brown na Albert Gilman waliandika mwaka 1960 juu ya namna nafsi ya pili katika lugha za Ulaya inavyoonyesha nani yuko juu na nani yuko sawa na nani, na hoja yao unaweza kuihamishia kwenye maneno haya matamu bila kubadilisha kitu: likienda na kurudi ni undugu, likienda upande mmoja ni cheo.

Mwanafunzi akiwa mwerevu, na wako anaonekana mwerevu, atakupinga. Atasema: lakini nimesikia Mwingereza akimwita mtu asiyemjua "love". Ni kweli. Leeds na Sheffield dereva wa basi atakuita "love", na wazee wa kiume wa huko huitana hivyo wenyewe kwa wenyewe. Stoke-on-Trent utakuwa "duck", bata. Newcastle utakuwa "pet", na wazee wana "hinny", ambayo ni "honey" iliyovaa lafudhi ya kwao. Glasgow mwanamke anaitwa "hen", kuku jike. Baltimore kule Marekani wana "hon", na wanalionea fahari kiasi cha kulifanyia tamasha tangu mwaka 1994. Mhudumu wa mgahawa wa majimbo ya kusini atakuuliza "more coffee, honey?" hata kama una miaka tisini. Yote hayo ni mali ya mahali na ya watu wa mahali hapo. Ukizaliwa Sheffield, "love" inakutoka na lafudhi yake na kila mtu anajua umetoka nayo wapi. Mgeni akilisema kwa lafudhi ya Guangzhou, kile kibali cha mahali hakipo, linabaki neno tupu, na msikilizaji analitafutia maana nyingine. Kupokea, apokee kwa tabasamu. Kutoa, asubiri.

Kuhusu "honey" sina maneno mengi: kwa mteja, hapana. "Dear" angalau ina kazi yake kwenye barua, "honey" haina. Ni neno la mke na mume, wachumba, mzazi kwa mtoto, na mhudumu wa mgahawa niliyekwisha kumtaja. Kazini limekuwa neno la kesi: mwaka 2016 chama cha mawakili cha Marekani, American Bar Association, kilipoongeza kanuni dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji katika kazi ya uwakili, mojawapo ya mambo yaliyozungumzwa sana ni mawakili wanawake kuitwa "honey" na "darling" na wenzao wa kiume mahakamani.

Ila kuna jambo zuri la kumwonyesha hapo, na nisamehe nikichepuka. Kichina hakina desturi ya kumwita mtu "fengmi", asali. Walipolipenda neno la Kiingereza waliandika sauti yake tu, "hani", kwa herufi zilezile za jina la kabila la Wahani wa Yunnan. Sisi asali tunayo, na sarufi yetu ina akili kuliko kamusi yake. Asali ya nyuki ni "asali ya nyuki". Lakini mpenzi ni "asali wa moyo wangu". Asali imebadilisha ngeli, imekuwa mtu! Kwa herufi moja Kiswahili kimekwambia kama unazungumzia chupa au mke. Kiingereza hakina "ya" na "wa", hivyo mzigo wote unabebwa na mahali, sauti, umri na cheo, vitu ambavyo kwenye ujumbe wa simu havionekani. Na fungate, mwenzangu, kumbuka Kichina kilitafsiri mwezi wa asali wa Waingereza neno kwa neno, "miyue", wakati Waswahili walihesabu siku saba za arusi wakaridhika.

Basi ufanye nini? Njia ya kwanza ni kunyamaza na kulizoea, kama wafanyavyo Kariakoo. Si dhambi, lakini wewe ni mwalimu wake na anakulipa ili asikosee. Ya pili ni kumkataza kwa ukali, "don't call me dear". Atatii siku hiyo hiyo, na huenda usimwone tena darasani, kwa sababu atajua ulikuwa ukimfikiria vingine kwa miezi minne. Hapo utakuwa umemvunjia "mianzi", uso, na uso ukivunjika haugangwi kwa maelezo ya sarufi. Ya tatu, ninayoishauri, ni kuligeuza somo, na somo liwe juu ya mteja wake, wewe usiwemo. Kama una wanafunzi kadhaa pamoja, hili lifanye mkiwa wawili tu.

Lakini kwanza pitia ujumbe wako mwenyewe. Nasema hivi bila utani. Kiingereza cha ofisini cha Dar na Nairobi kimejaa "my dear". Mwanamke anamwambia mwenzake "my dear, hiyo system imegoma" na hakuna anayegeuka. Inawezekana wiki ya pili ulimwandikia "You're welcome, my dear" ukiwa na haraka, na yeye, mwanafunzi mzuri, akakuiga. Ukiukuta, uweke kwenye somo: mwambie huo ni Kiingereza chetu, kinaishi kwetu, na kwa mteja wa Uingereza hakisafiri. Atakuheshimu zaidi kwa kukiri.

Kwenye kipindi, mwambie alete ujumbe mmoja wa kweli aliomwandikia mteja. Uandike ubaoni kama ulivyo: "Dear, your lamp is ready, please pay balance." Mwulize kwa Kichina angeanzaje, naye atasema "qin". Hapo mpe pongezi: umetafsiri sawasawa. Kisha mwonyeshe kwamba Kiingereza kinaugawa mzigo wa "qin" sehemu mbili. Heshima inakwenda kwenye jina: barua ya kwanza "Dear Mrs" na jina la ukoo, kisha atazame yule mama anavyojisaini. Akijisaini "Anna", barua ya pili iwe "Hi Anna", na huo si utovu wa adabu, ni kuitikia mwaliko. Ulaini unakwenda kwenye kitenzi: "Your lamps are ready. Could you arrange the balance when you have a moment?" Mwache ausome kwa sauti. Mwulize sentensi ipi ina adabu zaidi, ile yenye "dear" au hii isiyo nayo. Kwa uzoefu wangu, hapo ndipo mtu hushtuka, maana anagundua adabu ya Kiingereza ilikuwa imejificha kwenye "could" aliyoifundishwa shuleni kama neno la uwezo.

Wewe mwenyewe mpe cha kukuita. Mimi huwaruhusu "Teacher" bila kuona haya, ikifuatiwa na jina. Mwingereza wa Leeds atacheka, lakini wewe si wa Leeds, na kwetu "mwalimu" ni cheo kinachoitika barabarani. Pengo likishazibwa, "dear" itakufa yenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Ikirudi siku moja moja usiivalie njuga.

Mtahadharishe pia na mitego miwili midogo. "Oh dear!" haimwiti mtu, ni "lahaula" ya Kiingereza, hivyo mteja akiandika "Oh dear, two boxes are broken" asijibu kwa mahaba. Na mteja mzee wa Uingereza au Ireland akimwambia bei ni "a bit dear", anasema ghali. Hili atalishika haraka, kwa sababu Kichina kina "gui", ambayo ni ghali na pia ni ya heshima: ukimwuliza mtu jina la ukoo kwa adabu unasema "nin guixing", jina lako la thamani ni lipi.

Sasa, wakati gani uache kuniuliza mimi na kuiona si lugha tena? Tazama kama neno linabadilika. "Dear" ikigeuka "baby" au "baobei", kipenzi, baada ya wewe kumfundisha tofauti, hilo si kosa la tafsiri. Akikutumia tarakimu 520, ujue kwa Kichina zinasomeka karibu na "wo ai ni", nakupenda, na tarehe 20 Mei wapenzi huko hupeana zawadi kwa sababu hiyo. Muuza taa hatumii 520 kumwuliza saa za kipindi. Tazama na saa. Guangzhou wako mbele yetu kwa saa tano: ujumbe unaokufikia saa moja jioni, kwake ni saa sita usiku. Mmoja wa dharura sawa, mfululizo si sawa. Hapo mwambie wazi, kwa sentensi moja, kwamba mazungumzo ni ya masomo tu, na asiposikia sitisha vipindi na utoe taarifa kwa wanaoendesha jukwaa mnalofundishia. Na mtu yeyote, mwanafunzi au si mwanafunzi, anayeanza na "dear" akaishia kukuomba picha, kukuomba fedha au kukuonyesha uwekezaji wa faida nono, usibishane naye. Hifadhi ujumbe wote, usifute, uende polisi ana kwa ana ukaonane na wanaoshughulikia makosa ya mtandao. Utapeli wa namna hiyo unajulikana China kwa jina la "shazhupan", kunenepesha nguruwe ili achinjwe, na kulisha kwenyewe huanza na maneno matamu. Kwa huyu wako sioni dalili hata moja ya hayo.

Na shemeji akiendelea kununa baada ya kusoma haya, msikabidhiane simu, kaeni na mtu mzima mnayemwamini wote wawili, kwa sababu hapo jambo litakuwa si la Kiingereza.

Limebaki lile la chakula. "Chi le ma?", umekula?, ni salamu ya Wachina ya miaka mingi, hasa kwa wazee na kwa watu wa mitaa wanaojuana, ingawa vijana wa mijini wanazidi kuiacha. Ujumbe ulifika saa saba mchana ya Dar, yaani saa kumi na mbili jioni ya Guangzhou, watu wanapoketi mezani. Jibu lake ni "Yes, thank you, and you?" hata kama sufuria bado iko jikoni, kama tunavyojibu "sijambo" huku tuna homa. Mkumbushe shemeji siku alipopita kibarazani kwa watu wanakula wali, wakamwambia "karibu" wote kwa pamoja, naye akajibu "starehe" akaendelea na safari yake.